Mwanangu yuko vitani, nami nimekaa matanga

SWALI: Mwanangu wa pili ni mwanajeshi. Mwaka huu amepelekwa Somalia na tangu aondoke silali. Helikopta zikipita juu ya Langoni kuelekea kaskazini natetemeka mikono. Nimeacha kupika mkate wa sinia kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiupenda. Akipiga simu nalia mpaka anakata. Babake hasemi neno, ashinda barazani. Majirani, wengine waniambia imani yangu ni dhaifu. Wengine wasema kijana amekwenda kupigana na watu wetu, maana sisi ni Wabajuni na tuna jamaa Kismayuu, huko Somalia. Juzi nilikuwa nakunja mashati yake, nikashtuka nimeyakunja kama nilivyokunja nguo za marehemu mamangu baada ya mazishi. Nikakaa chini. Je, nina wazimu? Na je, nijitayarishe kwa lolote, au kujitayarisha ni kumtabiria mabaya? Na jambo dogo, dada yangu ataka kitanda cha mwanangu kwa wageni wa harusi. Nimpe? — Mama, Langoni, Lamu.

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama palepale penye mashati. Mengine uliyoandika nayasikia kila wiki kwa wazazi wa askari wanaokuja kwangu kwa ushauri: usingizi, simu, mume aliyenyamaza. Lakini hayo mashati ndiyo barua yenyewe. Mikono yako ilijua unachofanya kabla wewe hujajua. Ilikuwa inaanua matanga ya mtu ambaye hajafa.

Huna wazimu. Hali hii inajulikana, ina historia, na kisa kimoja kilichoandikwa mapema kinahusu askari wa vitani. Mwaka 1944 daktari mmoja wa akili huko Boston, Marekani, Erich Lindemann, aliandika kuhusu watu waliofiwa. Baadhi yao alikuwa amewahudumia baada ya moto uliounguza ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove mwaka 1942 na kuua watu 492. Lakini mwishoni mwa maandishi yake akaleta kisa cha namna nyingine kabisa. Askari amerudi kutoka vitani, mzima, hana jeraha. Akaja akilalamika kwamba mkewe hampendi tena na anataka talaka papo hapo. Lindemann akaeleza kilichompata huyu mke. Alichofanya ni kumlilia mumewe mapema, akamlilia vizuri mno, mpaka msiba ukaisha. Mume aliporudi, nafasi yake ilikuwa imekwisha kuzibwa.

Tangu siku hizo wataalamu wana jina la jambo hili. Mimi nawaambia wateja wangu kwa Kiswahili chetu kwamba ni msiba uliotangulia. Halimpati mtu kwa udhaifu. Moyo unajaribu kulipa deni kabla halijadaiwa, ukidhani kwamba ukilia sehemu leo, kesho zitabaki chache. Nami nakwambia kwa uzoefu, hesabu hiyo haifanyi kazi. Nimewaona wazazi waliolia mwaka mzima kabla, na siku ya taarifa wakalia kama hawajawahi kulia. Hakuna aliyepunguziwa. Kinachopungua ni kitu kingine, nacho ni nafasi ya mtoto ndani ya nyumba.

Nitakupa mfano wa karibu zaidi kuliko Boston. Mama mmoja hapa Malindi, nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane, mwanawe alikaa huko ng'ambo ya mpaka zaidi ya mwaka. Mama kwa uchungu akaanza kupunguza vitu. Kwanza kikombe chake cha bati akakitia kabatini nyuma ya sahani za wageni. Kisha nguo akampa mpwa, "zisiliwe na mende". Kisha jina lake likaacha kutajwa mezani, kwa kuwa likitajwa chakula hakishuki. Kijana akaja likizo, siku 21. Usiku wa kwanza akatafuta kikombe chake. Hakuna aliyejua kiko wapi. Mpwa akapita ukumbini amevaa shati lake. Kijana hakusema kitu, akachukua mkeka akalala barazani, na siku ya tano akasema ameitwa kambini mapema. Hakuwa ameitwa. Mama alikuja kwangu akiwa na kikombe mkononi, amekipata, akaniuliza ampelekee vipi.

Kwa hiyo, ninachotaka tufanye mimi nawe si kuiondoa hofu. Hofu iache, ina haki yake. Tunachotaka ni kuitenga na matanga. Mzazi mwenye hofu bado ana mtoto, ila yuko mbali na mahali pabaya. Matanga yanasema hayupo. Ukianza kuyatazama matendo yako ya siku nzima kwa jicho hilo, utajua lipi ni hofu na lipi ni matanga. Kuamka usiku kumwombea dua ni hofu. Kuacha kupika mkate wa sinia ni matanga. Upike, dada, Ijumaa hii. Kipande chake mpe mtoto wa chuo cha Kurani kwa nia yake, na mwanao akipiga simu umwambie ulimpa nani.

Sasa hizi helikopta. Hapo sina budi kukutetea mbele ya hao wanaokulaumu. Mama wa askari anayekaa Kakamega huisikia Somalia kwenye taarifa ya saa moja. Wewe waisikia juu ya paa. Ninyi wa Lamu mlikuwepo Juni 2014 Mpeketoni iliposhambuliwa, mkaishi na kafyu iliyofuata. Mlikuwepo tarehe 5 Januari 2020 kambi ya Manda Bay ilipovamiwa alfajiri. Barabara ya Garsen mmeipita kwa msafara wa askari. Mwili wako umejifunza kwamba mlio ule una maana, na mwili haujui kutofautisha helikopta ya kubeba chakula na ya kubeba majeruhi. Mtetemeko ukija, usiupige vita. Kaa, weka nyayo zote mbili sakafuni, vuta pumzi kwa pua na uitoe polepole kwa mdomo, kuitoa kuchukue muda mrefu kuliko kuivuta, mara sita au saba. Si tiba ya huzuni, sikudanganyi. Ni kuuambia mwili kwamba hapa ulipo ni Langoni na sufuria iko jikoni.

Nije kwenye imani, maana hilo limekuumiza kuliko helikopta. Aliyekwambia machozi ni udhaifu wa imani, muulize kwa adabu kama aliisoma Suratu Yusuf mpaka mwisho. Nabii Yaakub alikuwa mzazi wa mtoto aliyepotea, wala si aliyekufa, na alilia mpaka macho yakawa meupe. Wanawe wakamkemea vilevile unavyokemewa wewe: hutaacha kumkumbuka Yusuf mpaka ujimalize. Jibu lake liko katika aya ya 86: mashaka yangu na huzuni yangu namshitakia Mwenyezi Mungu. Na aya inayofuata, ambayo kwa kazi yangu ndiyo kubwa zaidi, akawaambia nendeni mkamtafute Yusuf na ndugu yake, wala msikate tamaa. Unaona alivyoviweka pamoja? Macho yameharibika kwa kulia, na bado anatuma watu wakatafute. Hakuna mahali alipokaa matanga. Mimi si mwanachuoni, na masuala ya fikihi muulize sheikh wako, lakini hata Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim machozi yakamtoka, akasema jicho hulia na moyo huhuzunika. Basi hilo la imani tulifunge hapo.

La Kismayuu ni gumu zaidi, na sitalipaka sukari. Wabajuni wamegawanywa na mpaka waliochorewa na wengine. Shangazi yuko Faza, binamu yuko Kismayuu, na mtumbwi ulikuwa ukipita kabla ya pasipoti kuwepo. Majeshi ya Kenya yalipovuka Oktoba 2011, na Kismayuu ilipotwaliwa mwaka uliofuata, nyumba nyingi za visiwani zilikuwa na watu pande zote mbili. Ujumbe wenyewe wa Umoja wa Afrika, ambao askari wa Kenya wamo ndani yake, umebadilisha jina, AMISOM ikawa ATMIS mwaka 2022, ATMIS ikawa AUSSOM mwaka 2025. Kwako wewe majina hayo hayabadilishi kitu. Mtoto yuko kulekule. Kwa hiyo hofu yako ina vichwa viwili, wamhofia mwanao na wawahofia walio mbele yake, na ukifungua mdomo kusema kimoja unaonekana umekisaliti cha pili.

Mtaalamu mmoja, Kenneth Doka, mwaka 1989 alitoa kitabu kizima kuhusu huzuni za namna hii, ambazo jamii haizipi ruhusa. Mimi nasema ni huzuni isiyotandikiwa mkeka. Mtu akifiwa, kwetu hata adui huja, hukaa, hunywa kahawa, hunyamaza. Mkeka ndio unaompa mfiwa haki ya kutokuwa sawa. Wewe hujafiwa, kwa hiyo hupati mkeka. Na alikokwenda kijana kuna watu hawakubaliani nako, kwa hiyo hata salamu za pole zinakuja na mwiba ndani. Usijaribu kuwabadilisha mawazo juu ya vita. Si kazi yako, na sidhani utashinda. Ukiambiwa amekwenda kupigana na watu wetu, jibu moja latosha: "Mimi ni mamake, namwombea arudi, nawaombea na wa huko." Kisha badilisha mazungumzo, uulize bei ya samaki changu. Unachohitaji ni watu wawili tu ambao mbele yao huhitaji kujieleza. Wawili, si mtaa mzima. Ukiweza kumpata mama mwingine ambaye mwanawe ni askari, hata wa bara, hata Mkristo wa Mpeketoni, mtafute huyo kwanza. Wake wa wanajeshi wana chama na kambi zao. Kina mama wa askari hubaki makwao, mmoja mmoja, kila mtu na simu yake mkononi.

Simu, sasa. Hii nitaikalia kidogo, kwa sababu ndiko matanga yanakoingilia.

Kwanza simu ya habari, kabla ya simu ya mwanao. Kambi ya jeshi la Kenya ya El Adde, Somalia, iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, picha za maiti zilienea kwenye simu za watu siku zilezile, wakati miili mingine ilihitaji vipimo vya DNA ili itambulike. Nimeongea na wazazi waliokuza picha kwa vidole viwili wakitafuta kovu la mguuni. Picha ile haikuwaambia ukweli wowote, ila haiwatoki. Sitaki ufike huko. Mama yake Nabii Musa, alipomtia mtoto mtoni, Kurani inasema moyo wake ulikuwa mtupu, karibu afichue siri. Kisha akafanya jambo la busara sana: hakukimbia yeye ukingoni. Alimwambia dada yake Musa, mfuate. Binti akatazama kwa mbali, wala hawakumtambua.

Chagua dada yake Musa wa nyumba yenu. Mtu mmoja, mwenye kichwa baridi, si lazima awe mwanamke. Hata shemeji yako, kama unaye, aweza. Huyo ndiye atakayefuata habari za Somalia, mara moja asubuhi na mara moja jioni, na kazi yake ni kukwambia pale tu penye jambo lililothibitishwa. Wewe ondoka kwenye makundi ya WhatsApp yanayotuma video za huko, leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii. Mtu akikutumia, usifungue, mrushie dada yake Musa. Kawaida ya majeshi ni kuwaarifu jamaa kabla jina halijatangazwa. Ujumbe uliosambazwa mara elfu si taarifa, hata kama umeanza kwa inna lillahi.

Na kimya pia si taarifa. Kijana anaweza kukaa siku nyingi bila kupiga kwa sababu zisizo na damu hata tone: yuko doria, simu zimekusanywa, mlingoti wa simu umelipuliwa, chaji hakuna. Mkubaliane naye mapema, kwa maneno haya hasa: "Ukinyamaza nitajua uko kazini." Umwambie yeye, uyasikie na masikio yako.

Akipiga, je? Wasema unalia mpaka anakata. Dada, hakati kwa hasira. Yeye ana dakika nne na wenzake wamepanga foleni nyuma, au yuko peke yake gizani na ndio wakati pekee wa kuwa mtoto wa mtu, na sauti anayoisikia ni ya msiba wake mwenyewe. Nani asingekata? Usimuulize yuko wapi, hataruhusiwa kusema na utamlazimisha kudanganya. Usimuulize kama ni salama. Muulize alikula nini jana, nani anakoroma, viatu vinambana au la. Kisha mpe nyumbani. Mpe kwa vipande vidogo: kwamba punda wa jirani alikula mkeka, kwamba maji ya bamvua yalipanda mpaka ngazi ya tatu, kwamba babake amepandisha bei ya kamba na hakuna anayenunua. Mama mmoja aliniambia aliona aibu kumweleza askari mambo ya punda. Kijana aliporudi, kisa cha punda ndicho alichowasimulia wenzake wote, akawa anaitwa Punda kambini.

Machozi yakija katikati, usiyafiche na usiyape simu. Sema, "Nalia kidogo, nina hamu nawe, ngoja," pumua, endelea na punda. Jambo ninalowakatalia wazazi ni moja, uongo wa "wote wazima". Babake akilazwa, mwambie amelazwa, na umwambie nani yuko naye. Mkimficha mara moja akaja kujua, kila "wote wazima" ya baadaye itamkosesha usingizi, na huko hana nafasi ya kukosa usingizi.

Mume wako. Hukueleza nani aliyemruhusu kijana kwenda kwenye usajili, na mara nyingi kunyamaza kwa baba huanzia hapo. Baba ndiye aliyempeleka uwanjani akatazamwa meno na kukimbizwa pamoja na wenzake mia. Baba ndiye aliyefurahi barua ya kuitwa ilipokuja. Sasa mama halali, na kila baba akilala kitandani anasikia shtaka ambalo labda hujawahi kulitamka. Kama hujalitamka, mtamkie kinyume chake. Kama umelitamka, na wengi wetu tumelitamka, lirudishe. "Tulimlea wote, amekwenda kwa miguu yake." Usimtake aongee. Wanaume wengi wa rika lake wataongea ubavu kwa ubavu, hawaongei uso kwa uso. Mpelekee nyavu ashone, ukae kando umenye vitunguu, umwambie kijana alisema nini kuhusu viatu. Akiguna, hayo ni mazungumzo. Nimeona ndoa zikivunjika, mtoto yuko hai na salama kambini, kwa sababu mmoja alidhani mwenzake halii kwa kuwa haoni machozi yake.

Nina hadithi ya kwetu kuhusu hilo. Ndugu wa babu yangu alichukuliwa na jeshi la Keya, yaani King's African Rifles la Mwingereza, akafika Bama, leo Myanmar, kwenye lile bonde la Kabaw ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana mwaka 1944 ndani ya mvua isiyokatika. Mamake hakujua hata Bama ni upande gani wa bahari. Babake, walivyosimulia, hakumtaja hata siku moja kwa muda wote huo, ila kila jahazi likitia nanga Malindi alikwenda kusimama, akarudi. Mama alimwona mtu asiye na moyo. Kijana aliporudi, mvua ikianza tu alikuwa anatoka nje kukaa uwanjani, analowa, haingii ndani. Na yule baba asiye na moyo ndiye aliyekuwa anatoka kukaa naye, naye akilowa, bila neno.

Nimeisimulia pia kwa sababu nyingine. Mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, alianza katika miaka ya 1970 kuzichunguza familia za askari waliopotea Vietnam, akaja kueleza kwamba kuna upotevu wa aina mbili usio na mwisho ulio wazi. Kuna mtu ambaye mwili haupo lakini nyumba nzima imejaa yeye. Na kuna mtu ambaye mwili upo mezani, anakula, lakini mwenyewe hayupo. Wazazi hujiandaa kwa la kwanza na kupigwa na la pili. Mwanao akija likizo akawa mkali, au anashtuka mlango ukigonga, au analala mchana na kukesha usiku, usidhani amekuchoka wala usikimbilie kusema amerogwa. Mpe wiki kadhaa, usimuulize aliua au hakuua, na zikipita bila nafuu mshawishi aonane na daktari wa jeshi au wa hospitali. Jeshini wana maimamu pia. Wako vijana wanaoweza kumwambia imamu wasiyoweza kumwambia daktari.

Uliuliza kuhusu kujitayarisha, kama ni kumtabiria mabaya. Hapana, bora utayarishaji uwe wa karatasi. Muulize kijana mambo matatu tu kwenye simu moja, siku ambayo hakuna habari mbaya: namba yake ya jeshi, jina la kikosi chake, na jina na simu ya mtu aliyemwandika kama jamaa wa karibu. Hili la tatu usilipuuze. Kuna familia zilizopata taarifa kwa majirani kwa sababu namba iliyoandikwa siku ya kusajiliwa ilikuwa ya laini iliyokwisha kufa. Na wasia aandike. Waislamu tumehimizwa tusilale siku mbili bila wasia ulioandikwa, mkulima na mfanyabiashara sawasawa, kwa hiyo wala usimwambie aandike kwa sababu yuko Somalia. Andika na wewe wako, mfanye pamoja. Baada ya hapo funga bahasha. Kujitayarisha kumekwisha siku hiyo. Kinachoendelea usiku wa manane kichwani ukipanga nani atamwosha si kujitayarisha tena.

Kwa usiku huo nina jambo moja linalowasaidia wengi, ingawa linachekesha mwanzoni. Ipe hofu saa yake. Baada ya alasiri, dakika 20, kiti kilekile, si kitandani wala mahali pa kuswalia. Kaa uhofu kwa nguvu zako zote, andika kama waweza, kisha inuka ukafanye kazi ya mikono. Hofu ikija saa tisa za usiku, iambie saa yako bado. Mwanzoni haitasikia. Baada ya wiki mbili hivi huanza kusikia. Ukishindwa kulala nusu saa nzima, usigaagae, amka uswali rakaa mbili au ukorogee unga wa asubuhi, urudi.

Kuhusu zile hatua tano za huzuni ambazo huenda umezisikia redioni, ziache. Daktari Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 akiwatazama wagonjwa waliokuwa wanakufa wenyewe. Mama wa askari hapandi ngazi. Huzuni yako itakuwa na bamvua, maji yakijaa sana, na maji mafu, yakitulia, na siku ya maji mafu ukicheka kwenye hiyo harusi, cheka.

Pima presha hapo hospitali ya King Fahd, hata kama hujisikii vibaya, kwa kuwa kutolala kunapandisha. Na ukiona wiki mbili zimepita huli, huoni ladha ya chochote, au unatamani usiamke, usisubiri barua nyingine kutoka kwangu. Nenda hospitali, waambie hivyohivyo ulivyoniambia, na utaje na mashati.

Sasa kitanda. Mpe dada yako. Nyumba ya Lamu yenye harusi haiwezi kuwa na kitanda kisicholaliwa, na kukifanya kaburi hakumsaidii yeyote. Ila mwulize mwenyewe kwanza akipiga: "Kitanda chako chaombwa siku nne na wageni wa mama mdogo, wasemaje?" Akinung'unika, mwache anung'unike, ni chake. Shuka zake zitoe uzifue uziweke juu, sandukuni zisiingie. Na godoro lifunike nailoni kabisa, maana wageni wa harusi huja na watoto.